Riale ya 1780: ya kweli ni ipi?

MKUSANYAJI: Sarafu iliyoandikwa 1780 lakini ikafuliwa 1955 inadanganya umri wake, na anayeiuza kwa jina la "riale ya 1780" bila kuongeza neno lolote anashiriki uongo huo. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Chapa yake inayojulikana kuliko zote, yenye herufi S.F. chini ya sanamu yake, ni ya kiwanda cha Günzburg, mji ambao leo uko Ujerumani. Herufi hizo ni za maofisa wawili wa kiwanda hicho, Schöbl na Faby. Malkia alikufa, Günzburg ikaacha kufua sarafu mwaka 1805, lakini tarehe na herufi zile hazikuguswa. Zimepigwa Vienna, Milano, Venice, Roma, Paris, Brussels, London, Birmingham na Bombay. Vienna inazifua mpaka leo. Mnunuzi anayetoka na riale dukani Mji Mkongwe au katika soko la Mutrah, Oman, anaamini ameshika kitu cha zaidi ya karne mbili. Mara nyingi ameshika kitu ambacho hakimzidi babu yake umri.

MUUZAJI: Tarehe hiyo haikuandikwa na mwenye duka, bwana. Imetoka kiwandani ikiwa hivyo, na kiwanda chenyewe ni cha serikali. Mteja akiuliza kama ni fedha kweli anajibiwa ndiyo, na jibu hilo ni la haki. Halafu tazama anachotafuta. Anataka kushika pesa iliyonunua pembe na karafuu za Unguja. Karne ya 19 bei za pwani hii zilitajwa kwa riale, na riale hizo nazo nyingi zilifuliwa baada ya malkia kufa. Sasa mwenye duka akisema "hii ni nakala", mteja ataiweka chini akidhani ameonyeshwa bati. Huo nao ni uongo, tena unamuumiza mwenye mali halali.

SONARA: Neno "nakala" lisitumike hapo kabisa. Watu wanachanganya vitu ambavyo mezani kwa fundi havikaribiani. Riale inayostahili jina hilo ina uzito wa gramu 28.07, upana wa milimita 40 hivi, na katika kila sehemu 1000 za madini yake 833 ni fedha safi. Zilizobaki ni shaba. Ndani yake kuna gramu 23.39 za fedha. Ya 1780 iko hivyo, ya 1880 iko hivyo, ya 1960 iko hivyo. Zikiingia kalibuni zinatoka kitu kimoja. Kekee na mafurungu ya mabibi wa pwani, ala za majambia ya Oman, vyote hivyo mafundi walivitengeneza kwa riale zilizoyeyushwa, na hakuna fundi aliyeuliza kwanza ilifuliwa mwaka gani. Ghushi ni jambo jingine. Ghushi ni risasi, ni shaba, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliochovywa fedha juu. Anayeuza hiyo ni mwizi. Anayeuza riale ya Vienna ya miaka 50 iliyopita si mwizi.

MKUSANYAJI: Fundi ametoa hoja ya mwenzake na ya kwangu kwa pamoja. Kama mizani haioni tofauti na moto hauoni tofauti, basi mnunuzi wa kawaida hana njia ya kujitetea isipokuwa neno la muuzaji. Ndiyo maana neno hilo lazima liwe kamili.

MUUZAJI: Hana njia? Wapo wanaokuja na sumaku mfukoni. Wanaigusisha sarafu mbele ya mwenye duka kama polisi wa barabarani.

SONARA: Sumaku inamkamata mjinga tu. Fedha haivutwi, ni kweli, lakini shaba haivutwi pia, risasi haivutwi, na ule mchanganyiko wa shaba na nikeli ambao ghushi nyingi zimetengenezwa nao hauvutwi. Sumaku ikinasa, tupa sarafu. Isiponasa, bado hujajua kitu.

Anayetaka kujua na aanze na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu, ile ile inayotumika kupimia dhahabu. Riale iliyochakaa kwa kupita mikononi inaweza kupungua kidogo chini ya 28. Iliyopungua gramu nzima na zaidi huku sura yake ikiwa bado kali ina walakini. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani hiyo hiyo, irudishe kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Pangusa viputo vya hewa. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Riale ya fedha ya 833 inasoma karibu gramu 2.75. Ile ya shaba na nikeli, hata ikiwa imetengenezwa kwa uzito uleule, inasoma kama 3.15, kwa sababu madini hayo ni mepesi kuliko fedha na ili yafikie gramu 28 lazima sarafu inenepe au itanuke. Tofauti hiyo haifichiki kwa kuchovya.

MKUSANYAJI: Inafichika kwa hesabu. Risasi ni nzito kuliko fedha na bati ni jepesi kuliko fedha. Mtu akichanganya kwa vipimo anaweza kupata uzito wa fedha hasa, na maji yakadanganyika.

SONARA: Maji yatadanganyika, sikio halitadanganyika. Iweke riale juu ya ncha ya kidole, igonge taratibu kwa sarafu nyingine. Fedha inalia, na mlio unachelewa kufa. Risasi na bati hutoa sauti ya kigae. Na ni laini mno, ukucha unaacha alama. Zile mashine za miale zinazosoma madini ni nzuri, ila wenye kuzitumia wajue kwamba zinasoma ngozi ya juu tu. Sarafu iliyochovywa kwa unene wa kutosha inaweza kupita mbele ya mashine na ikaanguka kwenye glasi ya maji ya shilingi mia.

Kisha geuza pembeni. Hapo ndipo wengi wanashindwa kuiga. Ukingo wa riale umeandikwa kwa herufi zilizoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na katikati ya maneno kuna mapambo. Ukingo huo ndio uliowafanya wafanyabiashara wa zamani waiamini: mtu hawezi kukwangua fedha pembeni bila kuharibu herufi. Sarafu ya kusubu, yaani iliyomiminwa kalibuni badala ya kupigwa chapa, huonyesha mshono ukingoni, herufi zimelala, na usoni kuna vitundu vidogo kama vya mkate. Ya kupigwa chapa ina mistari mikali, na ukiizungusha kwenye mwanga, mng'aro unatembea juu yake.

MUUZAJI: Na weusi? Maana wateja wanaupenda weusi kuliko kitu chochote. Sarafu ikiwa nyeusi kwenye mikunjo ya shela wanasema ni ya kale.

SONARA: Weusi unatengenezwa kwa salfa ndani ya saa chache. Ule wa miaka mingi umejikusanya kwenye mabonde na kupungua polepole kuelekea kwenye vilima, ambako vidole vimekuwa vikipita. Wa kutengenezwa umekaa popote kama rangi, na unatoka na kitambaa. Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo linauma zaidi. Watu wanachukua sarafu nzuri yenye rangi yake ya miaka, wanaisugua kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa kama sahani. Hapo wameiua.

MWANAHISTORIA: Yote hayo yanahusu ghushi za madini, na hapo hakuna ubishi. Ubishi wa kweli uko kwingine. Mwenzetu mkusanyaji alitaja London na Bombay katika orodha moja na Vienna, akapita haraka. Arudi hapo. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata kutoka Austria chapa za kufulia riale pamoja na haki ya kuzifua kwa miaka 25. Alijua kwamba jeshi likiingia Ethiopia litahitaji pesa ambayo wenyeji wanaikubali. Waingereza wakaona soko la Aden na Bahari ya Shamu linawaponyoka, nao wakaanza kufua riale London mwaka 1936. Hawakupewa ruhusa na Austria. Paris na Brussels nazo zikafua, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Bombay ikafua kwa ajili ya kampeni ya Waingereza ndani ya Ethiopia. Fedha yao ilikuwa safi kwa kiwango kilekile, uzito uleule, S.F. ileile, 1780 ileile. Sasa mkusanyaji ajibu: riale ya London ni ya kweli au ni ghushi iliyotengenezwa na serikali?

MKUSANYAJI: Kwa haki ya aliyeruhusiwa, ni ya kuiga. Serikali haibadilishi jina la tendo. Mtu binafsi angefanya vile angefungwa.

MWANAHISTORIA: Angefungwa kwa kughushi pesa ya nani? Tangu 1858 riale haikuwa tena pesa halali ndani ya Austria yenyewe. Vienna ilikuwa inafua bidhaa ya kuuza nje. Mfanyabiashara alipeleka fedha yake kiwandani, akafuliwa riale, akazipakia melini. Waingereza wenyewe walipokwenda kumpiga Mfalme Tewodros wa Ethiopia mwaka 1867 na 1868 waliziagiza Vienna kwa wingi kwa sababu hakuna aliyekubali kuwauzia nyumbu wala nafaka kwa pesa nyingine. Kama si pesa ya nchi yoyote, ni vigumu kumshtaki mtu kwa kuighushi.

MUUZAJI: Mwalimu amemaliza kazi. Kama London ni halali, Vienna ya jana ni halali zaidi.

MWANAHISTORIA: Subiri, bibi, sijasimama upande wako. Ninachosema ni kwamba hakimu wa riale hakuwa kiwanda. Alikuwa mchukuzi wa kahawa wa Yemen, mfanyabiashara wa Harar, muuza karafuu wa Unguja. Na hakimu huyo alikuwa mkali kupita mkusanyaji yeyote. Alihesabu lulu tisa kwenye bizimu la begani mwa malkia. Alitazama mkia wa tai. Alipapasa ukingo. Waitaliano walipofua riale yao wenyewe mwaka 1918, ya fedha na ya ukubwa uleule, yenye sanamu ya mwanamke ili ifanane, watu waliikataa. Menelik wa Pili wa Ethiopia alifua birr yenye sura yake kuanzia miaka ya 1890, mfalme mwenye nguvu kweli, na bado sokoni watu waliendelea kudai malkia mwenye shela. Fedha safi haikutosha. Haki ya mfalme haikutosha. Kilichotakiwa ni alama zile zile bila kubadilika hata moja, na ndiyo maana viwanda havikuthubutu kubadilisha tarehe. Ile 1780 ilikuwa sehemu ya picha. Hakuna mfanyabiashara wa pwani aliyeisoma kama mwaka wa kuzaliwa kwa sarafu.

MKUSANYAJI: Maelezo hayo ni mazuri na yanathibitisha ninachosema. Mchukuzi wa kahawa alijua kwamba tarehe ni picha. Mnunuzi wa leo hajui. Anaisoma kama tarehe, kwa sababu sarafu zote nyingine alizowahi kushika tarehe yake ina maana hiyo. Kwa hiyo uaminifu wa karne ya 19 ukihamishwa jinsi ulivyo hadi kwenye kabati la kioo la duka la leo, unageuka mtego.

Na isidhaniwe kwamba tofauti haionekani. Haionekani kwa mizani, inaonekana kwa jicho lililofundishwa. Kila kiwanda kilichonga chapa zake, na mkono wa mchongaji haujifichi: idadi na mpangilio wa manyoya kwenye mkia wa tai, umbo la bizimu, ukubwa wa herufi, nukta zilivyokaa karibu na ile alama ya X baada ya tarehe. Walter Hafner alitoa kamusi nzima ya riale ya 1780 kwa ajili ya kazi hiyo. Mtu mwenye lenzi ya kukuza na subira anaweza kuitenga ya Roma na ya Bombay, ya London na ya Vienna. Iliyopigwa Günzburg zamani hizo ni chache na bei yake ni nyingine kabisa. Kuziuza zote kwa jina moja ni kumkata mnunuzi, na wakati mwingine ni kumkata muuzaji mwenyewe.

MUUZAJI: Kumkata muuzaji vipi?

MKUSANYAJI: Kwa sababu mwenye duka asiyetofautisha ataiuza ya Günzburg kwa bei ya ya Vienna. Imetokea mara nyingi kwamba sarafu bora imelala kwenye bakuli la sarafu za kawaida mpaka akapita mtu anayejua.

SONARA: Hapo kuna kweli. Na kwenye bakuli hilo hilo hulala zile zenye kitanzi. Riale nyingi za Oman na za pwani zilitiwa lehemu juu zikawa vidani. Wenye maduka wengine wanaliondoa kovu, wanasaga, wanajaza, wanaiuza kama sarafu isiyoguswa. Fedha yake ni ya kweli, chapa yake ni ya kweli, lakini juu ya kichwa cha malkia herufi mbili ni za fundi wa juzi. Mkusanyaji ataiita takataka. Fundi ataona kwamba ile yenye kitanzi ndiyo iliyoishi hapa, shingoni mwa mtu. Kuondoa kitanzi ndiko kughushi.

MKUSANYAJI: Hapo tunakubaliana, fundi, kwa mara ya kwanza leo.

MWANAHISTORIA: Mtego mkubwa zaidi kwa watu wa pwani hauko kwenye riale ya malkia. Uko kwenye riyali ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja. Mwaka 1882 Barghash alifuliwa Ubelgiji sarafu zake mwenyewe, zina mwaka wa Hijria 1299. Peisa za shaba zenye picha ya mizani zilitoka kwa wingi na bado zinaonekana. Riyali za fedha zilikuwa chache. Ya Barghash haikufuliwa tena kwa mamilioni kila kizazi kama ya Austria. Ni ya mwaka mmoja, na Unguja iliiacha hesabu ya riyali mwaka 1908 ikachukua rupia. Kwa hiyo mtu akikuwekea riyali kumi za Barghash mezani, zote zikiwa na mkwaruzo mmoja mahali pamoja, hapo hakuna mjadala wa falsafa. Zimetoka kwenye kalibu moja, na kalibu hiyo haikuwa ya Ubelgiji.

MUUZAJI: Huo mkwaruzo mmoja ni somo zuri. Lakini watu hawaleti kumi, wanaleta moja, wamerithi, na wanaapa kwamba ni ya bibi yao. Mwenye duka afanye nini? Amwambie mtu kwamba bibi yake alikuwa na ghushi?

SONARA: Amwonyeshe glasi ya maji. Maji hayamtukani mtu.

MUUZAJI: Na wale wanaoleta shilingi za Mfalme George wakitaka bei ya fedha?

SONARA: Hao wasikatishwe tamaa bure, waelezwe. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima, ya 1921 hadi 1946, ni ya kweli, lakini fedha yake ni robo tu. Robo tatu ni madini mengine. Ndiyo maana ikichakaa inageuka rangi ya manjano. Wakati rupia ya Wajerumani ya kabla yake, gramu 11.66, fedha yake ni sehemu 917 kwa 1000. Mtu anaweka mbili hizo pamoja mkononi anadhani ni ndugu. Shilingi si ghushi. Ni halali, ila ina fedha kidogo.

MKUSANYAJI: Turudi kwenye kabati la kioo. Ombi ni dogo. Kila riale iwe na kikaratasi: "Riale ya Maria Theresa, chapa ya baadaye." Maneno saba. Mwenye ushahidi wa kiwanda aongeze jina la kiwanda.

MUUZAJI: "Chapa ya baadaye" kwa mgeni ni sawa na "bandia". Atafika mlangoni tu ashauriwe na mwongozaji wake asinunue. Mwenye duka anaweza kuandika uzito, kiwango cha fedha, na "tarehe iliyoandikwa juu ya sarafu: 1780". Kila neno hapo ni kweli.

MKUSANYAJI: Kila neno ni kweli na sentensi nzima inapotosha.

MWANAHISTORIA: Kwa nini kisiandikwe kinachoongeza thamani? "Iliyofuliwa Roma kwa vita vya Ethiopia." "Iliyofuliwa Bombay." Kuna watu wangelipa zaidi kwa sarafu ya Mussolini kuliko kwa sarafu isiyojulikana iliyovalishwa umri wa uongo. Oman iliendelea kuzitumia riale hizi mpaka ilipoanzisha riali yake mwaka 1970. Sarafu ya 1961 iliyopita katika masoko ya Muscat ni kitu cha historia, haina haja ya kuazima karne ya 18.

MUUZAJI: Mwalimu, nani atakaa dukani na lenzi kuhesabu manyoya ya tai kwa sarafu mia mbili? Mkusanyaji anahesabu moja kwa jioni nzima na anafurahi. Duka lina kodi. Anayeuliza ataambiwa yote, mpaka habari za Mussolini.

MKUSANYAJI: Na asiyeuliza?

MUUZAJI: Asiyeuliza amenunua gramu 28 za riale na amepewa gramu 28 za riale.

MKUSANYAJI: Basi bei nayo iwe ya gramu 28. Fedha iliyo ndani ni robo tatu ya aunsi, na bei ya aunsi inatangazwa kila siku duniani. Mwenye duka akitoza mara tatu ya hiyo, ile sehemu ya juu anauza kitu gani, kama si ile tarehe?

MUUZAJI: Anauza kazi ya kuitafuta, kodi ya mlango, na uhakika kwamba si risasi. Fundi ameeleza mwenyewe jinsi uhakika huo unavyopatikana, haupatikani bure.

SONARA: Uhakika wa fedha nautoa mimi kwa glasi ya maji, bibi, na malipo yake hayafiki mara tatu.